Makocha wengi, mbwa mmoja: namna ya kuokota staili tofauti bila kumvuruga mbwa wako

Ukishaingia kwenye michezo ya mbwa wa kazi (mashindano ya utiifu na ulinzi), iwe IGP, mondioring, ringi ya Kifaransa au KNPV, haupiti muda mrefu kabla hujakutana na hili: kocha wa kwanza anakwambia mbwa akikosea nyamaza, subiri ajaribu tena, wa pili anakwambia msahihishe saa hiyohiyo, wa tatu anakwambia aliyekosea ni wewe sio mbwa. Na wote watatu wana mbwa wazuri uwanjani, hapo ndio ugumu ulipo, maana kama mmoja wao angekuwa mbabaishaji ungemwacha tu ukaendelea na safari yako.

Kuna kipindi nilienda semina tatu ndani ya miezi miwili. Kila nikirudi naanza mambo mapya kesho yake asubuhi, nina hamu kama mtoto, na mbwa wangu wa Malinois, jike mmoja mwepesi sana ambaye alikuwa anakimbilia kazi kabla hata sijamfungua kamba, akaanza kubadilika. Akawa anatembea taratibu, masikio nyuma, kila nikimpa amri ananiangalia usoni sekunde mbili hivi ndio anafanya. Nilidhani anaumwa. Kumbe alikuwa anasubiri kujua leo mimi ni nani. Ilinichukua miezi karibu minne kumrudisha alipokuwa, na haya ninayoandika hapa ndiyo niliyoyashika kutokana na ile miezi minne, kwa mpangilio ambao naufuata mpaka leo.

Hatua ya 1: Jua kocha anatoka mchezo gani

Watu wengi wanairuka hii, na ndiyo inayomaliza nusu ya ubishi. Kocha anafundisha kile ambacho sheria za mchezo wake zimemlazimisha akijue. IGP (wazee bado wanaiita Schutzhund, baadaye ikawa IPO, jina la IGP limeanza 2019) ina sehemu tatu, kufuata njia ya harufu, utiifu, na ulinzi, kila sehemu alama 100. Jaji wake anaangalia picha nzima: mbwa kang'ata mdomo umejaa au nusu, ametulia au anatafunatafuna, ametembea karibu na mguu wa mwenye mbwa akiwa na furaha au amenywea. Kwa hiyo kocha wa IGP atakukazania usafi na mwonekano mpaka utachoka, na yuko sahihi.

Mondioring na ringi ya Kifaransa ni dunia nyingine. Mbwa anafanya kazi hana kola wala kamba, anayemkabili kavaa suti mwili mzima, na kazi ya huyo mtu (wao wanamwita dekoi, sisi wa IGP tunamwita helpa) ni kumkwepa mbwa, kumhadaa, kumwekea vikwazo. Mondioring wanaongeza na mapambo ya mada, kila shindano uwanja unakuwa na vitu ambavyo mbwa hajawahi kuviona. Kocha wa huko ana hazina kubwa kwenye jambo moja, mbwa kufanya kazi mahali pageni bila kutetereka, na hilo sisi wa IGP tunaliokota kidogo mno kwa sababu uwanja wetu siku zote unafanana.

KNPV ya Uholanzi ipo tangu 1907 na lengo lake tangu mwanzo lilikuwa mbwa wa polisi, kwa hiyo usishangae kocha aliyekulia huko akikuuliza mbwa wako ana nguvu kiasi gani kabla hajakuuliza ana usafi kiasi gani.

Kwa hiyo ukisikia ushauri, swali lako la kwanza liwe: hii inalipwa alama wapi? Kama mchezo wako haulipi hicho kitu, kisikilize kwa faida yako, ila usikimbilie kukifanya.

Hatua ya 2: Andika kamusi ya mbwa wako kabla hujatoka nyumbani

Karatasi moja. Juu unaandika maneno yote mbwa anayoyajua na kila neno lina maana gani kwake, sio kwako. Hapa kuwa mkweli. Mimi nilipoandika mara ya kwanza nikagundua neno "ndiyo" kwa mbwa wangu lilikuwa na maana tatu: njoo uchukue nyama, endelea hivyohivyo, na kazi imeisha. Kocha mmoja alinifundisha la kwanza, mwingine la pili, la tatu nadhani nilijitungia mwenyewe bila kujua.

Unahitaji maneno machache tu yaliyo imara:

- neno la kumwachia aje apate zawadi (mbwa anaruhusiwa kuacha alichokuwa anafanya)
- neno la kumwambia uko sawa, baki hapohapo, zawadi itakufuata ulipo
- neno la kumwambia hiyo haijalipa, jaribu tena
- neno la kumaliza kazi, hakuna zawadi tena, twende tukapumzike

Ukienda semina mpe kocha mgeni hiyo karatasi au mwambie kwa mdomo kabla hajashika kamba yako. Kocha mzuri atakushukuru kabisa. Anaweza kukwambia kamusi yako ina shimo mahali fulani, sawa, unalisikiliza hilo na unaenda kulifanyia kazi nyumbani, lakini usikubali neno libadilishwe maana palepale uwanjani mbwa akiwa amechemka kwa msisimko. Staili za makocha zinaweza kubadilika kila mwezi na mbwa asidhurike, ila lugha ikiyumba hana pa kushika.

Hatua ya 3: Mara ya kwanza nenda bila mbwa

Najua inauma kulipia semina halafu ukae kwenye kiti. Lakini ukiwa na mbwa pale nusu ya akili yako iko kwake, nusu iko kwenye aibu ya kuangaliwa na watu, hamna kinachoingia. Kaa pembeni na daftari, na angalia mbwa, sio kocha. Hii naikazia kwa sababu makocha wakubwa wanajua kuongea, wana maneno matamu na wana sauti, unaweza ukamaliza siku mbili umeandika nukuu zake nzuri na hujui hata mikono yake ilikuwa wapi.

Haya ndiyo ninayoyaandika mimi:

Zawadi inatokea wapi. Mkono wa kushoto, wa kulia, nyuma ya mgongo, imewekwa chini mbele ya mbwa? Mbwa huelekea inakotokea zawadi, ndio maana unaona mbwa fulani anatembea makalio yametoka nje, ukichunguza unakuta mwenyewe anampa nyama kwa mkono wa kulia kupitia mbele ya tumbo, mbwa anazunguka kuifuata. Kocha anaweza akasema maneno mia kuhusu uhusiano wako na mbwa, lakini ukitazama vizuri alichokifanya ni kuhamisha nyama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Muda kati ya tendo na neno. Na kati ya neno na zawadi. Rekodi video kama unaruhusiwa (omba kwanza, wengine hawataki na ni haki yao) halafu nyumbani iangalie kwa mwendo wa polepole. Utaona kocha mzuri neno lake linatoka wakati mbwa bado anafanya kile kitu, na mkono haujaanza kusogea. Sisi wengi mkono unatangulia, neno linafuata, kwa hiyo mbwa anasoma mkono tu na neno linabaki kelele.

Zawadi ngapi kwa dakika. Hesabu kabisa, kwa vijiti kama unahesabu mbuzi. Utashangaa mtu anayeonekana mkali anavyolipa mara nyingi, na mtu anayejiita mpole anavyombania mbwa.

Mbwa anapokosea kinatokea nini. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Wakati mbwa anapatia, staili zote zinafanana, nyama, mpira, kelele za furaha. Tofauti inaonekana mbwa akikosea, hasa akikosea mara tatu mfululizo. Je kocha anarahisisha kazi? Anasubiri? Anabana kamba? Anamtoa mbwa uwanjani? Hapo ndio andika kila kitu. Kama semina nzima hujaona mbwa akikosea basi umeona maonyesho, bado hujaona ufundishaji.

Na mwisho, mbwa wa dakika ya kumi anafananaje na mbwa wa dakika ya kwanza? Mkia, masikio, macho, spidi ya kurudi kwa mwenyewe baada ya zawadi.

Hatua ya 4: Vua maneno, baki na kinachofanyika

Ukirudi nyumbani chukua daftari na kila ulichoandika ukitafsiri kwenye moja ya vyumba vinne: kaongeza kitu kizuri, kaondoa kitu kibaya, kaongeza kitu kibaya, kaondoa kitu kizuri. Hakuna kocha aliye nje ya hivyo vinne, anabadilisha tu vipimo na mfuatano.

Ukijua historia kidogo inasaidia kuona mtu anatokea wapi. Konrad Most kule Ujerumani aliandika kuhusu ufundishaji wa mbwa mwaka 1910, na mikono ya kazi yake ilikuwa mizito, kulazimisha kwa sana, ingawa alielewa vizuri kwamba muda wa tendo na matokeo ndio kila kitu. Miaka ya 1940 Keller na Marian Breland, waliokuwa wanafunzi wa Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, wakatoa maarifa ya maabara wakayapeleka kwenye kufundisha wanyama wa kila aina, huko ndiko mambo ya ishara ya sauti kabla ya zawadi yalikoanza kusambaa. Kwenye makocha wa michezo yetu leo ukimwangalia Michael Ellis utaona anajenga sana lugha ya ishara na namna ya kucheza na mbwa, Ivan Balabanov anaupa mchezo wenyewe uzito kiasi kwamba kucheza na mwenye mbwa ndio zawadi, na Bart Bellon ana mfumo wake wa NePoPo ambapo kuna presha ndogo, mbwa akifanya presha inaondoka, kisha zawadi inakuja juu yake. Watu watatu, wote wana wafuasi wanaogombana, lakini ukivua majina ukaweka kwenye vyumba unaona wanagusana sehemu nyingi kuliko wafuasi wao wanavyokubali.

Mfano wa kushika dambeli (kile kijiti cha mbao ambacho mbwa hutumwa kukileta) kwa utulivu. Kocha mmoja anampa mbwa dambeli, akiishika kimya nusu sekunde anasema neno, analipa nyama, polepole anarefusha muda. Mwingine anaigeuza dambeli kuwa kitu cha kugombania, anaivuta kidogo, mbwa anakaza mdomo, akikaza anaachiwa aimiliki. Ukisikiliza maelezo yao unaona kama dini mbili tofauti. Ukiandika kwenye daftari: wa kwanza kaongeza kitu kizuri kwa ajili ya utulivu, wa pili kaongeza kitu kizuri (ushindi) kwa ajili ya kukaza. Zote zinafanya kazi. Sasa swali linakuwa jepesi kabisa, mbwa wangu anatafuna dambeli kwa sababu amechemka mno, au kwa sababu anaishika kilegevu na haipendi? Aliyechemka anafaa njia ya kwanza, mlegevu ya pili. Mimi nilizichanganya zote wiki moja kwa mbwa aliyechemka, asubuhi utulivu jioni kugombania, na akatafuna ile dambeli mpaka ikaota meno.

Hatua ya 5: Chagua kitu kimoja, zoezi moja, wiki tatu

Kimoja tu. Kutoka semina ya siku mbili una mambo labda ishirini kwenye daftari, zungushia duara moja, mengine yaache yalale.

Zoezi la kujaribia lisiwe lile mbwa analolijua tayari na una shindano karibuni. Chukua kitu kipya kabisa au kitu kilichoharibika ambacho huna cha kupoteza. Na kabla hujaanza pima, maana bila kupima utaamua kwa hisia, na hisia baada ya semina huwa zinapendelea kocha mgeni. Mfano kama unajaribu njia mpya ya kufuata harufu, ambapo kocha mgeni anaweka chakula kwenye kila alama ya mguu na wewe ulikuwa unaweka hapa na pale, basi andika: mbwa amenyanyua pua mara ngapi, amepita kona akatoka nje mara ngapi, mwendo wake ulikuwa sawa au alikuwa anakimbia. Siku tatu za njia yako ya zamani kwanza, kisha wiki tatu za mpya, uwanja uleule na urefu unaofanana. IGP 3 (daraja la juu) njia ni hatua 600, iliyokanyagwa dakika 60 kabla mbwa hajaanza kuifuata, kwa hiyo huna haja ya kujaribu kwenye urefu huo, hatua 100 zinatosha kukuonyesha kama pua inakaa chini.

Wiki ya kwanza mara nyingi mambo yanaharibika kidogo, usiogope, mbwa anajifunza sheria mpya. Lakini kama wiki ya pili inaisha na bado anashuka, na hasa kama hamu imeshuka, acha. Huna deni na kocha yeyote.

Hatua ya 6: Presha na vifaa, hapa usikope kipandekipande

Staili zenye chakula na mchezo ukizikosea unapata mbwa mzembe kidogo au mwenye vurugu, unarekebisha. Staili zenye presha ukizichukua kipande bila yaliyotangulia unaweza ukavunja kitu ambacho hakirudi. Nimeona mtu anaangalia kocha akitumia kola ya umeme kwa mbwa ambaye amefundishwa miezi maana ya ile presha na namna ya kuizima mwenyewe, halafu yule mtu anaenda kumvalisha mbwa wake kesho yake na kubonyeza mbwa akiwa mbali anakimbiza kitu. Mbwa hajui imetoka wapi. Anaunganisha na chochote alichokuwa anakiangalia wakati ule, mtoto, mbwa mwingine, hema la uwanjani.

Halafu jua sheria ya unapoishi, Wales walipiga marufuku kola za umeme 2010 na Ujerumani nako matumizi yake hayaruhusiwi, kwa hiyo ushauri uliotoka nchi moja unaweza kuwa kosa la jinai kwenye nchi nyingine.

Na una haki ya kusema hapana. Uko uwanjani, watu wanaangalia, kocha mwenye jina kubwa amenyoosha mkono anataka kamba yako. Sema tu, "Samahani kocha, hilo naomba tusilifanye kwa huyu mbwa leo." Sentensi hiyo nilishindwa kuisema siku moja na mbwa wangu ndiye aliyelipa. Dalili za kusimamisha kazi palepale: analamba midomo na hakuna chakula, anapiga miayo, anakataa nyama anayoipenda, anageuza kichwa pembeni ukimwita, mkia umeingia. Mbwa akikataa chakula alichokula kwa pupa dakika kumi zilizopita, somo limeshakwisha hata kama muda wako uliolipia bado.

Hatua ya 7: Kwenye ulinzi, mtu mmoja ndiye anashika ramani

Utiifu unaweza kujaribujaribu mwenyewe, ulinzi hapana, kwa sababu mafunzo yapo mikononi mwa mtu wa upande wa pili. Helpa anapokaribia kwa kasi fulani, anapotazama au kukwepesha macho, anapoachia slivu (mkono wa kinga ambao mbwa anaung'ata) mapema au kuchelewa, yote hayo yanajenga au kubomoa, na wewe uko nyuma umeshika kamba, huoni hata uso wa mbwa wako. Helpa wawili wenye mawazo tofauti kwa mbwa mchanga ni hatari. Mmoja anataka kumjengea ujasiri kwa kumwachia ashinde, mwingine anataka kumpima kwa kumkandamiza. Mbwa mchanga akipimwa siku aliyotakiwa kujengwa, anajifunza kung'ata nusu mdomo ili awe tayari kukimbia.

Kwa hiyo chagua mmoja ambaye ndiye mwenye mpango, na wengine wote wakimfanyia kazi mbwa wako wanafuata huo mpango. Ukienda semina ya ulinzi nenda na mpango umeandikwa, mwambie dekoi mgeni, "Mbwa huyu sasa hivi tunamfundisha kuachia kwa amri akiwa ametulia, hatumwongezei presha." Akikubali sawa. Akisema yeye ana namna yake, mrudishe mbwa kwenye gari uangalie wengine, bado utajifunza mengi.

Hatua ya 8: Rudi kwa kocha wako wa nyumbani na useme ulichokiona

Usifichefiche. Klabu ni ndogo, ataona tu mbwa anafanya kitu kipya, na kinachouma makocha sio wewe kwenda kwa mwingine, ni kugundua kupitia mbwa. Nenda na maelezo ya tendo, bila jina la kocha mwingine mbele. "Kocha, nimeona wanahamisha zawadi mkono wa kushoto ili makalio yasitoke, unaonaje tukijaribu wiki tatu?" ni tofauti kabisa na "fulani anasema tunakosea." Wangu alinisikiliza, akanionyesha kwamba mbwa wangu makalio yanatoka kwa sababu mimi mwenyewe nazungusha bega la kushoto nyuma nikimtazama, tukarekodi, kweli. Mkono wa zawadi haukuwa na shida hata kidogo. Semina nzima ilikuwa haijanionyesha hilo kwa sababu sikwenda na mbwa.

Yale mengine kumi na tisa kwenye daftari usiyatupe. Andika tarehe, mbwa gani ulikuwa unamfikiria, na kwa nini hukuyatumia. Ile njia ya kugombania dambeli iliyomharibu jike langu niliiacha kwenye daftari miaka mitatu, halafu nikapata dume la German Shepherd, mpole, mdomo mlegevu, dambeli anaidondosha miguuni kwangu kama haimhusu. Nikafungua ukurasa ule, nikafuata mfuatano wote kama ulivyoandikwa, wiki ya pili akawa anaileta ameikaza na kifua mbele, na sasa nikisema achia inabidi nisubiri kidogo.